Maswali ya Wasomaji: Roki Mpya kwa Masikio ya Siku Nyingi

SWALI: Nina miaka 63. Nimekulia kwenye Led Zeppelin na The Clash. Programu ya muziki kwenye simu inanirudishia nyimbo zilezile, na nikifungua orodha ya vibao vinavyotamba sisikii gitaa. Roki imekufa, au sijui pa kuitafuta? – Mpenda Gitaa

JIBU: Haijafa, mzee wetu, imetoka tu kwenye chati. Na programu yako haina ubaya, inakujibu ulichoiuliza. Ukiiomba nyimbo zinazofanana na za bendi ya mwaka 1971, inaangalia mashabiki wa bendi hiyo husikiliza nini kingine, nao husikiliza The Who na Black Sabbath. Utazunguka palepale mpaka uchoke.

Kwa hiyo anzia kwenye bendi mpya. Aliyetoka kwa The Clash ajaribu Fontaines D.C. wa Dublin, albamu yao ya kwanza, Dogrel (2019), au IDLES wa Bristol. Wa Led Zeppelin aende kwa Rival Sons wa California, lakini asimpite Mdou Moctar wa Niger: huyu ni Mtuareg anayepiga gitaa kwa mkono wa kushoto, na albamu yake Afrique Victime (2021) ina solo za kumsimamisha mtu. Ukipata nyimbo tano au sita ulizozipenda, zihifadhi kwa kubonyeza alama ya kupenda, kisha fungua redio ya wimbo mmojawapo, yaani orodha ya nyimbo zinazofanana nao. Usiyoipenda iruke mapema, usiiache ikaisha huku unapika.

Kwenye Spotify, orodha ya mapendekezo yako, Discover Weekly, hubadilika kila Jumatatu. Ya wiki iliyopita hufutika, basi hifadhi ulichokipenda kabla ya hapo. Release Radar, orodha ya nyimbo zilizotoka karibuni, hutoka Ijumaa, kwa sababu tangu Julai 2015 ndiyo siku ya kutoa albamu karibu dunia nzima. Kosa linaloharibu mapendekezo kuliko yote ni kumwachia mjukuu simu: akicheza nyimbo za katuni siku mbili tatu, mfumo unadhani ni wewe. Mfungulie akaunti yake.

Hata hivyo, njia tunayoiamini zaidi ni ya kusoma majina ya watu waliofanya kazi nyuma ya pazia. Prodyuza wa Dogrel ni Dan Carey. Mfuate, utafika kwa Wet Leg (albamu ya kwanza, 2022) na Squid (Bright Green Field, 2021). Lebo (kampuni ya rekodi) iliyoitoa Dogrel ni Partisan. Humo utawakuta IDLES na vijana wa Geese kutoka New York. Jina moja limeshakupa bendi tatu nne, wala hukuhitaji mashine.

Kwenye tovuti ya Bandcamp, ukurasa wa albamu unaonyesha picha ndogondogo za walioinunua. Bonyeza mmoja, uone rafu yake yote. Ukikuta mtu mwenye albamu tatu unazozipenda, huyo ndiye mwongozo wako, pitia zilizobaki. Anayetaka kuchaguliwa na binadamu asikilize kituo cha redio cha KEXP cha Seattle, Marekani, kwa intaneti. Jina la kila wimbo huonekana kwenye tovuti yao, na kwenye YouTube wana video za bendi zikipiga moja kwa moja studioni.

SWALI: Nimejaribu bendi mpya, nasikia kelele tupu. Maneno siyapati. Ni uzee? – Masikio Mazito

JIBU: Kwa sehemu, ndiyo. Umri hupunguza kwanza sauti za juu (nyembamba), zile zinazobeba matoazi na herufi kama s na f. Sehemu nyingine ni studio: rekodi nyingi za sasa hubanwa, sauti ndogo ikapandishwa mpaka ikaribiane na kubwa, na sikio likakosa pa kupumzika. Usiongeze sauti. Fungua kisawazishi (equalizer) kwenye programu, punguza desibeli 2 au 3 kati ya hezi 100 na 250, uongeze kiasi hichohicho kati ya hezi 2,000 na 4,000. Mwimbaji atajitokeza. Tumia hedifoni za kufunika sikio, maana spika ya simu hailitoi besi lenyewe. Ikiwa sikio moja ni zito kuliko jingine, au linavuma, kamwone daktari kwanza.

Halafu usihukumu mara ya kwanza. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kitu tunachokutana nacho mara kwa mara huelekea kutupendeza zaidi. Sikiliza albamu mara tatu, siku tofauti, kwa mpangilio wake, na mara ya pili uwe na mashairi mbele yako. Baada ya mara ya tatu usipokumbuka hata kiitikio kimoja, achana nayo. Si kila kipya ni kizuri.

SWALI: Nikinunua Bandcamp nipakue faili gani? – Msomaji

JIBU: Simu yenye nafasi ndogo, MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde. Kwa kompyuta na spika nzuri, FLAC, ambayo ni kubwa mara kadhaa ila haipotezi chochote cha rekodi. Ukishanunua unaweza kupakua zote mbili bila kulipa tena.