Umerudi Kutoka Kozini, Chati Bado Inapiga Kelele: Maswali ya Wasomaji

Barua za toleo hili zimetoka viwandani, kuanzia Industrial Area hadi Kariobangi, na zote zinahusu mafunzo ya mtu ambaye tayari yuko kazini. Tunaanza na ile iliyohitaji jibu refu zaidi.

Hamjambo wataalamu. Mimi ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha unga. Kampuni ilinipeleka kozi ya siku tatu ya chati za udhibiti, yaani grafu ambamo wastani wa kila sampuli huwekwa kama nukta kati ya mipaka miwili. Tangu nirudi, tunapima pakiti tano za kilo 2 kila nusu saa, na kila shifti nukta tatu au nne zinatoka nje ya mipaka. Opereta anakasirika, anasema mashine iko sawa. Nimekosea wapi?
*Mkaguzi, Lunga Lunga Road*

Hatujambo. Huenda opereta wako anasema kweli. Kabla hujaomba mashine ifunguliwe, kagua mambo manne, na uyafuate kwa mpangilio huu, kwa sababu la kwanza likiwa na kasoro, hayo mengine yatakudanganya.

Anza na mizani. Kozi fupi hukimbilia hesabu na kuiacha mizani mlangoni, na hapo ndipo pesa nyingi za mafunzo hupotelea. Ikiwa mizani yako inasoma kwa hatua za gramu 5, na pakiti zako zinapishana kwa gramu 8 tu, hutaona chochote cha maana. Kanuni ya karakana ni kwamba hatua ya kusoma isizidi sehemu moja ya kumi ya tofauti unayotaka kuiona. Kisha fanya jaribio hili: chukua pakiti 10 za uzito unaotofautiana kama kawaida ya laini yenu, uziandike namba mahali pasipoonekana na anayepima, halafu watu watatu wapime kila pakiti mara tatu kwa mpangilio uliochanganywa. Utapata vipimo 90. Tofauti inayoletwa na mizani pamoja na wapimaji ikiwa chini ya asilimia 10 ya tofauti yote, endelea na kazi. Kati ya 10 na 30, inategemea uzito wa uamuzi unaofanya. Ikipita 30, acha chati kwanza urekebishe upimaji.

Matokeo hayo pia hukuonyesha pa kutafuta. Mtu yule yule akipata jibu tofauti kwa pakiti ile ile, tazama mizani: feni inayopuliza juu yake, meza inayotikisika kwa sababu ya mashine ya jirani, kiputo cha usawa kilichotoka katikati. Watu wakipishana wao kwa wao, tatizo ni njia ya kupima. Mmoja husoma kabla namba haijatulia. Mwingine hutoa uzito wa mfuko mtupu, mwenzake hautoi. Pima mifuko mitupu 10, chukua wastani, na namba hiyo ibandikwe ukutani ili wote watoe ile ile.

Jambo la pili ni mahali unapochukua hizo pakiti tano. Mashine ikiwa na midomo miwili ya kujazia, nawe ukachukua tano kutoka mdomo wa kwanza saa mbili, kisha tano kutoka mdomo wa pili saa mbili na nusu, chati itarukaruka hata kama kila mdomo unafanya kazi yake vizuri. Unalinganisha wawili wasiofanana. Ukizichanganya ndani ya sampuli moja unapata kosa la upande wa pili, ambalo ni baya zaidi kwa kuwa halionekani: pengo kati ya pakiti nzito na nyepesi linakuwa kubwa, mipaka inapanuka, na nukta zote zinalala karibu na mstari wa katikati. Chati kimya kupita kiasi nayo ni ya kutiliwa shaka. Kila mdomo uwe na chati yake, na pakiti tano zifuatane.

Tatu, ulipata wapi mipaka? Wengi huchora uzito wa lebo au kiwango alichotoa mteja, na hiyo haikuwa kazi ya chati. Mipaka hutokana na mashine yenyewe. Kusanya sampuli 25 za pakiti tano tano bila mtu kugusa kitasa cha kurekebisha ujazo. Kwa vipimo vya kila nusu saa hiyo ni kazi ya saa 12 na nusu, yaani utavuka shifti moja, na ni vyema, maana utaona pia mabadiliko ya watu. Tuseme wastani wa jumla ni gramu 2,006, na wastani wa mapengo ni gramu 8. Kwa sampuli ya pakiti tano unazidisha 8 kwa 0.577 (namba hii, na 2.114 na 2.326 utakazoziona hapa chini, hutoka kwenye jedwali la chati za udhibiti), unapata 4.6. Mipaka ya wastani basi ni 2,001.4 na 2,010.6. Mpaka wa juu wa pengo ni 8 mara 2.114, karibu gramu 16.9.

Hapa kuna mtego ambao tungependa kila darasa la Nairobi liupe saa nzima. Mipaka hiyo ni ya wastani wa pakiti tano. Haisemi lolote kuhusu pakiti moja moja. Gawanya 8 kwa 2.326 upate sigma ya pakiti, yaani kipimo cha jinsi pakiti moja moja zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani: kama gramu 3.44. Sigma tatu kila upande zinakupeleka kutoka karibu 1,996 hadi 2,016. Yaani chati imetulia kabisa, nukta zote ziko ndani, lakini takriban pakiti 4 kati ya 100 ziko chini ya kilo 2 zilizoandikwa kwenye lebo, na yupo mama mahali fulani aliyelipia unga ambao hakuupata. Mashine iliyotulia si lazima iwe inatosha. Ukitaka pakiti nyepesi zipungue, ama uongeze kiwango cha kujaza na kampuni itoe unga wa bure, ama upunguze mtawanyiko. Kwa maoni yetu, fedha za mafunzo zielekezwe kwenye hiyo njia ya pili.

Nne ni mkono wa opereta. Akiona pakiti moja imezidi gramu 4, akapunguza gramu 4, halafu inayofuata akafanya vivyo hivyo, anaiongezea mashine msukosuko. Kufidia kila kipimo kwa kiasi chake chote huongeza maradufu kile ambacho watu wa takwimu huita varianzi, yaani sigma mara sigma. Kwa mfano wetu, sigma ya 3.44 ingefika karibu 4.9. Mweleze kwa heshima, tena mbele ya chati yake mwenyewe: kitasa kinaguswa nukta ikitoka nje, au nane zikijipanga upande mmoja wa mstari wa katikati, si vinginevyo. Kisha aandike sababu kwenye chati. Opereta aliyeelewa hili ana thamani kuliko cheti kilichobaki kabatini kwa meneja, kwa hiyo omba kozi ijayo mwende wawili.

Bosi anasema hakuna bajeti ya mafunzo. Nasikia kuna pesa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda. Ni kweli?
*Msimamizi wa shifti, kiwanda cha plastiki, Baba Dogo*

Ni kweli, ila si za kuchukuliwa hivi hivi. Kila mwajiri hulipa ada ya mafunzo ya viwanda ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Ni gharama ya mwajiri, wala haikatwi kwenye mshahara wako. Kiwanda cha watu 80 hulipa shilingi 48,000 kwa mwaka. Mwajiri aliyelipa bila deni anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama za kozi.

Maombi mengi huangukia kwenye mpangilio wa hatua. Idhini huombwa kabla kozi haijaanza, na mkufunzi awe amesajiliwa na NITA. Ukimaliza kozi ndipo ukumbuke, umechelewa. Kwa hiyo mpelekee bosi ukurasa mmoja: tatizo la laini, kozi inayolitibu, majina ya wanaokwenda, tarehe, gharama, na kipimo kitakachobadilika. “Vifuniko vinavyokataliwa kwa sababu ya ukingo usiokamilika” ni lugha anayoielewa kuliko “kuwajengea wafanyakazi uwezo”. Hesabu mwezi mmoja kabla ya kozi na miezi mitatu baada yake. Tunzeni risiti na orodha ya mahudhurio iliyotiwa sahihi kila siku, si siku ya mwisho pekee. Ofisi kuu ya NITA iko Commercial Street, na kutoka Baba Dogo ni asubuhi moja tu ya kazi.

Nina shahada ya mekatroniki na miaka minne kwenye miradi ya mashine za kufungashia. Nifanye ASEP (cheti cha mwanzo cha uhandisi wa mifumo) ya INCOSE au CQE (cheti cha mhandisi wa ubora) ya ASQ?
*Mhandisi, Mombasa Road*

Tazama meza yako ya kazi. Ukiamka na mahitaji ya mteja, michoro na majaribio ya kupokea mashine, nenda INCOSE. Ukiamka na bidhaa zilizokataliwa, nenda ASQ.

ASEP haidai uzoefu. Ni mtihani wa maarifa. CSEP, ngazi inayofuata, hudai angalau miaka mitano ya uhandisi wa mifumo, na huhuishwa kila miaka mitatu kwa alama 120 za mafunzo endelevu. CQE hudai miaka minane ya kazi, lakini shahada ya kwanza hupunguza minne. Wewe basi umefika, mradi mitatu kati ya hiyo minne iwe ya nafasi yenye kufanya maamuzi. Waombaji wengi hukwama hapo, kwa hiyo andika maamuzi yako kwa uwazi: nani alisimamisha laini, nani aliidhinisha badiliko la mchoro. Mtihani una maswali 175, ambayo 160 ndiyo huhesabiwa, na vitabu vinaruhusiwa. Kila miaka mitatu unahitaji alama 18 za kuhuisha. Vyote viwili havichukui nafasi ya usajili wako kwa Engineers Board of Kenya, ambayo nayo hudai mafunzo endelevu.

Wakati unasubiri, jizoeze kuandika hitaji linaloweza kuthibitishwa. “Mashine iwe na kasi nzuri” haipimiki. “Ifungashe pakiti 40 kwa dakika kwa saa 4 mfululizo, kwa unga wa kiwanda cha mteja” inapimika. Kando ya kila hitaji andika litathibitishwa kwa njia gani kati ya nne: ukaguzi, uchambuzi, onyesho au jaribio. Mstari usio na njia ndio utakaozua ugomvi siku ya kupokea mashine. Na hayo maneno “unga wa kiwanda cha mteja” usiyaache. Mashine iliyojaribiwa kwa unga mkavu wa mtengenezaji hubadilika tabia ikikutana na unga wa moto uliotoka kinuni sasa hivi.

Nikipata cheti cha mkaguzi kiongozi wa ISO 9001, kile kiwango cha usimamizi wa ubora, nitakuwa nimeidhinishwa na ISO?
*Msomaji, South B*

Hapana. ISO huandika viwango tu, haimpi mtu wala kampuni cheti. Kozi hiyo huwa ya saa 40, kwa kawaida siku tano. Kabla ya kulipa, uliza kama kuna mtihani, maana cheti cha kuhudhuria na cha kufaulu si kimoja, kisha uliza ni chombo gani kinaitambua kozi. Kwa ukaguzi wa ndani ya kampuni yenu, kozi fupi ya mkaguzi wa ndani inatosha kuanzia. Taasisi ya mafunzo ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), Popo Road, ni mahali pazuri pa kuulizia.

Nimekereza vyuma miaka 12, nilifundishwa na marehemu mjomba. Sina cheti hata kimoja. Nianzie wapi?
*Fundi, Kariobangi Light Industries*

Pole kwa msiba wa mjomba, na hongera kwa kazi. Una njia mbili. Ya kwanza ni majaribio ya ufundi ya NITA, yenye daraja la tatu, la pili na la kwanza. Unapimwa kwa kazi ya mikono pamoja na maswali. Ya pili ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana kazini, ulio chini ya mfumo wa kitaifa wa sifa unaosimamiwa na mamlaka ya KNQA. Huko mtathmini hutaka jalada la ushahidi na kukuona ukifanya kazi.

Mafundi wengi hujikwaa kwenye kipimo, si kwenye mkono. Umezoea kupachika shafti kwenye beringi na kusikiliza inavyoingia. Mtathmini atakupa mchoro wenye milimita 25 na ruhusa ya kuzidi au kupungua kwa sehemu ndogo za milimita, kisha ataweka maikromita, kifaa cha kupima unene kwa usahihi. Basi kuanzia kesho, kila kazi ya mteja iwe na karatasi: mchoro mdogo wa mkono wenye vipimo, chuma ulichotumia, kipimo kilichotakiwa, kipimo ulichopata sehemu tatu za shafti, tarehe, na picha ya kazi iliyokamilika. Mwombe mteja atie sahihi. Na kabla ya kupima, iache shafti ipoe: ya milimita 25 iliyo na joto la nyuzi 40 juu ya kawaida huwa nene kwa karibu sehemu 12 za elfu za milimita, na hiyo inatosha kukuangusha.