Zege lenye majivu ya makaa ya mawe: usikimbilie kulaumu majivu

Majivu laini ya makaa ya mawe huwekwa kwenye zege badala ya sehemu ya saruji. Tofali za majaribio, zinazotengenezwa ili kupima nguvu ya zege hilo, zikivunjika mapema, lawama huenda kwa majivu. Kabla ya kuyakataa, angalia mashine ya kuchanganyia zege ilivyopakiwa.

Majivu haya ni laini na mepesi kuliko saruji: uzito wake ni kama mara 2.2 ya maji, saruji mara 3.15. Yakitangulia kwenye pipa la mashine lenye maji, hugandamana ukutani au hufanya madonge yenye unga mkavu ndani. Donge la namna hiyo halibebi mzigo.

Kwa kuwa uzito wa majivu na saruji hautofautiani kidogo, pima kwa mizani, si kwa ndoo. Ukitaka majivu yawe asilimia 20, badala ya kilo 50 za saruji weka kilo 40 za saruji na kilo 10 za majivu. Maji kwa uwiano wa 0.5, yaani nusu ya uzito wa saruji na majivu pamoja, ni lita 25, na punguza kiasi kilichomo tayari kwenye mchanga mbichi. Lakini soma mfuko kwanza: saruji nyingi zinazouzwa Kenya na Tanzania tayari zina pozolana, yaani unga wa aina ya majivu haya unaosaidia saruji kushika, na iliyoandikwa CEM IV, yaani saruji yenye pozolana nyingi, haihitaji nyongeza yoyote.

Mimina kokoto na nusu ya maji, zungusha, kisha mchanga. Saruji na majivu viingie pamoja, vikiwa vimechanganywa vikavu, na maji yaliyobaki yafuate taratibu. Vikishaingia vyote, acha izunguke dakika 2 hadi 3. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: mwanzoni zege huonekana kavu, wakaongeza maji. Subiri. Madonge yakivunjika, chembe za majivu, ambazo ni duara, huteleza na zege hulegea lenyewe.

Kuzungusha kupita kiasi nako kuna gharama. Juani zege hupata joto, hukauka, halafu mtu huongeza maji ili limwagike. Nguvu huishia hapo.

Pima slampu, yaani kiasi zege linavyoshuka koni ya kipimo ikiondolewa, kwa zege la mwanzo na la mwisho kutoka pipa moja. Kama slampu ni milimita 100 au chini, tofauti ikizidi milimita 25, halijachanganyika. Tofali za pipa moja zikipishana sana, shuku mashine au utengenezaji wa tofali zenyewe. Zikiwa dhaifu zote sawasawa, shuku maji au umri. Zege hili hukomaa polepole, hivyo lipime siku ya 28 na ya 56, na ulimwagilie angalau siku 7, ikiwezekana 14.