Dada wa Kibirizi, usimjibu mdai moto ukiwaka
Pole sana dada yangu. Kutukanwa na mdai mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mbele ya wateja, tena kwa deni la dagaa alilokopa mumeo, kunauma. Mimi niliwahi kujibu papo hapo, nikampoteza mteja wa miaka mingi.

Katika Biblia, Nehemia alipoulizwa na mfalme anataka nini, alimwomba Mungu kwanza, ndipo akajibu. Sala ya pumzi moja tu! Kesho mdai akija, endelea kugeuza dagaa juani, omba kimoyomoyo, kisha mwambie taratibu: "Kaka, nimekusikia. Jioni tukae na daftari, mume wangu awepo." Usitaje tarehe ya kulipa kwa woga, wala usisaini karatasi hapo. Akitishia kukupiga, wahi serikali ya mtaa au polisi. Mchungaji wako naye ajue.