Kabla hujashusha mlango wa pikapu, tazama mguu wa tela

Juzi msomaji wangu wa Ruangwa kanitumia picha. Mlango wa nyuma wa pikapu yake umebonyea katikati, shimo la ukubwa wa ngumi, na chini kaandika: "Kaka, hata mwezi haijamaliza tangu niinunue." Niliumia kama gari ni langu, maana kidonda hicho ninacho mimi.

Yangu yalinikuta msimu wa korosho. Hilux yangu niliinunua kwa mtu, lakini mlango wa nyuma ulikuwa bado na rangi yake ya kiwandani, na niliuonea fahari kweli. Ninyi mnaosomba mazao mnaijua raha ya kuwa na usafiri wako: hukeshi barabarani kumbembeleza mwenye Fuso. Nikachongesha tela, nikalifunga nyumbani Mikindani, nikashusha mlango polepole kuona kama unagusa. Ukapita. Nikaridhika.

Kumbe siku ile mguu wa mbele wa tela, ule wenye kigurudumu, ulikuwa umeshushwa chini. Mguu huo hushikwa na kibanio: ukitaka kusafiri unalegeza, unauvuta juu, unakaza. Sasa ukiuvuta, ncha yake na mkono wa kuzungushia vinapanda nao, kwangu karibu futi nzima, vikasimama pale pale mlango unapoangukia.

Tukarudi na mzigo kutoka Nanyamba, magunia kwenye pikapu na mengine kwenye tela. Giza linaingia, kijana wangu ana haraka ya kushusha, akafungua mlango akauachia. Nikasikia kishindo. Kuzunguka nyuma, mkono wa ule mguu wa tela umezama kwenye bati katikati ya herufi za jina la gari, rangi imepasuka kama ganda la yai. Tulipouinua, upande wa kushoto haukushika loki tena.

Nilimfokea kijana mbele za watu. Namwomba radhi hapa hapa, kwa sababu mwenye gari ni mimi na sikuwa nimemwambia lolote.

Fundi wa bodi naye hakunyoosha bati, alijaza puti, ule udongo wa kuzibia mabonyeo, akapiga rangi juu. Kwa upepo wetu huu wa chumvi, kutu ikapenya chini kwa chini, puti ikabanduka kipande kizima. Nikalipa mara ya pili. Mpaka leo nikilikumbuka hilo roho inaniuma.

Sasa nisikilizeni. Pima ukiwa umefunga tela na mguu umevutwa juu, kama unavyosafiri. Upimaji mwingine ni kujidanganya. Mlango ukigusa, chomoa mguu wote kwenye kibanio, ulaze ndani ya tela. Mimi ndivyo nifanyavyo kila safari, na mlango haujaguswa tena. Kama wako umechomelewa hauchomoki, basi lifungue tela kutoka kwenye pikapu kwanza, mlango ushushe baadaye. Na mwambie kila anayepanda na wewe, kuanzia utingo hadi shemeji aliyeomba lifti.

Kuna watakaokushauri urefushe chuma cha kuvutia, kile kinachounganisha pikapu na tela. Nafasi utaipata, ila tela likikaa mbali zaidi linaikandamiza nyuma ya pikapu na kulegeza usukani. Na wale wanaobeba mbao ndefu mlango ukiwa umelala huku wanavuta tela, jamani, acheni! Pikapu ikianza kupanda kutoka kwenye mtaro, pua ya tela inainuka kuufuata mlango. Kona kali ya rivasi nayo ni hivyo hivyo, pembe ya tela inakuja kuugonga ubavuni.

Wewe wa Ruangwa, usikubali puti kabla bati halijanyooshwa kwa ndani. Mwambie fundi afungue kifuniko cha upande wa ndani wa mlango, apige kutokea huko, kisha alipake bati dawa ya kutu ukiwa umesimama unamwangalia. Ukimaliza, nitumie picha nyingine.