Pembetatu mraba: panga herufi kabla ya kugusa hesabu

Anayeanza jiometri akiona pembe ya nyuzi 90 hukimbilia kanuni ya Pythagoras moja kwa moja: upande mrefu ukizidishwa kwa wenyewe ni sawa na jumla ya pande mbili fupi, kila mmoja ukizidishwa kwa wenyewe. Ni sawa kama umepewa pande mbili nzima. Lakini maswali mengi hukupa kipande cha upande huku na kipande kule, na ukimng'ang'ania Pythagoras utajikuta na milinganyo miwili au mitatu isiyoisha. Ushauri wangu kwa kila ninayemfundisha ni mmoja: tafuta kwanza pembetatu zinazofanana, yaani zenye pembe sawa hata kama ukubwa ni tofauti, maana pande zake huwa na uwiano mmoja.

Chora pembetatu ABC, pembe mraba (ile ya nyuzi 90) iwe C. Kutoka C teremsha mstari ukutane na AB kwa nyuzi 90, na pale unapogusa paite D. Sasa una pembetatu tatu, ile kubwa na mbili ndogo, na zote zinafanana. Kila ndogo ina nyuzi 90 pale D, tena ina pembe moja ya pamoja na ile kubwa: moja ina A, nyingine ina B. Pembe mbili zikilingana, ya tatu lazima ilingane, kwa sababu jumla ni 180. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishalithibitisha hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Hadi hapo hakuna anayekwama. Watu hukwama kwenye kuoanisha pande, maana pembetatu ndogo zimegeuka na macho yanadanganya. Usioanishe kwa macho. Andika jina la kila pembetatu kwa mpangilio wa pembe: kwanza kona yenye pembe sawa na A, kisha iliyo sawa na B, mwisho ile ya nyuzi 90. Utapata ABC, ACD, CBD. Ziandike moja chini ya nyingine. Herufi mbili za kwanza ndizo upande mrefu wa kila moja: AB, AC, CB. Ya kwanza na ya tatu: AC, AD, CD. Ya pili na ya tatu: BC, CD, BD. Kuanzia hapo mchoro unaweza hata kuufunika kwa mkono.

Tuseme AD ni 9 na DB ni 16. Kwenye ACD na CBD, AD kwa CD ni sawa na CD kwa BD, kwa hiyo CD × CD = 9 × 16 = 144, na CD ni 12. Je, AC? Kwenye ABC na ACD, AB kwa AC ni sawa na AC kwa AD. AC × AC = 25 × 9 = 225, jibu ni 15.

Angalia ile 25. Wengi huandika 16 hapo, wakichukua kipande badala ya upande mzima, na hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote katika madaftari. Kabla hujaanza, andika urefu wa AB nzima juu ya mchoro.

Kwa njia hiyohiyo BC ni 20. Sasa muite Pythagoras ahakiki: 225 + 400 = 625, yaani 25 × 25. Na hii si bahati. AC × AC ni AD × AB, BC × BC ni BD × AB. Zijumlishe utapata AB × AB. Kanuni yake yenyewe imezaliwa humu, na mimi hupenda sana mwanafunzi aione kwa mkono wake.

Mazoea hayo yatakusaidia hata mahali pasipo na mstari wa C kwenda D. Chukua pembetatu mraba nyingine: pande zinazounda pembe mraba ni 6 chini na 12 wima. Ndani kuna mraba uliokaa kwenye kona hiyo, na kona yake ya mkabala inagusa upande mrefu. Upande wa mraba uite s. Pembetatu iliyobaki juu ina wima 12 − s na chini s, na inafanana na ile kubwa, ambayo wima wake ni mara mbili ya chini. Basi 12 − s = 2s, na s ni 4. Hakiki kwa pembetatu iliyobaki pembeni: chini 2, wima 4, uwiano uleule.