Uanafunzi Una Gharama: Mambo ya Kushika kwa Aliyeokoka Karibuni

Ndugu uliyeokoka karibuni, kabla hujaingia kwaya au kupewa huduma yoyote kanisani, fanya lile ambalo Yesu aliwaambia makutano katika Luka 14: keti, uhesabu gharama. Hesabu hiyo ifanye kwa kalamu. Chukua karatasi, andika vichwa vinne: fedha, kazi, familia, marafiki. Chini ya kila kimoja weka jambo moja tu ambalo unajua wazi haliwezi kuendelea kama lilivyo. Ukijaza kumi utakata tamaa kabla wiki haijaisha, na ukiandika "niwe mtu mwema" hutajua hata pa kuanzia.

Anza na fedha. Zakayo, mtoza ushuru tajiri, katika Luka 19:8 alitaja viwango: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kurudishiwa mara nne. Hesabu 5:7 ilimtaka mkosaji arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano, kwa hiyo Zakayo alizidisha mno kwa hiari yake. Orodhesha madeni uliyoyakana, vitu ulivyoazima ukakaa navyo, fedha ulizopata kwa ujanja. Andika jina, kiasi na tarehe ya kurudisha. Kama huna zote, nenda na sehemu mkononi, kiri bila kujitetea, kisha taja salio utalilipa kwa awamu zipi. Wengi hutoa sadaka nono huku jirani anawadai, ilhali Mathayo 5:23-24 inaagiza sadaka iachwe mbele ya madhabahu mpaka mpatane. Angalizo: kosa linaloweza kufika mahakamani au kumuumiza mtu wa tatu, usikurupuke kuliungama. Mwone kwanza mchungaji au Mkristo aliyekomaa. Lengo si kulificha, ni kuhakikisha gharama unaibeba wewe, wala humtwishi mwenzi wako au watoto.

Kazini, jifunze kwa Danieli, kijana mateka katika jumba la mfalme wa Babeli, katika kitabu cha Danieli sura ya 1. Aliazimu moyoni kwanza kwamba hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Kisha aliomba, hakugoma, akapendekeza jaribio la siku 10, mtama na maji, na msimamizi apime mwenyewe matokeo. Bosi akikuagiza uandike takwimu za uongo, mfuate faraghani umwambie: "Hii siwezi kuisaini kwa sababu si kweli. Lakini niko tayari kubaki jioni nikusanye takwimu sahihi." Ishia hapo, usimhubirie. Danieli alikubaliwa, wewe huenda usikubaliwe, hata ukaachishwa kazi. Ndiyo maana nasisitiza akiba: punguza matumizi mapema, epuka mikopo, tenga walau ya kukuvusha miezi mitatu. Mtu aliyebanwa na madeni hupata shida sana kukataa uongo, hata kama imani yake ni ya kweli.

Kwa familia, kuna kosa linalowaumiza waongofu wapya kuliko mengine yote. 1 Petro 4:15 inamtaja anayejishughulisha na mambo ya watu wengine katika orodha moja na mwuaji na mwizi, na Petro hataki Mkristo ateswe kwa sababu hiyo. Ukichukiwa nyumbani kwa kuwa umewakemea wazazi mbele ya wageni, au umeacha zamu zako za kazi ili uwahi mkesha, huo si msalaba. Jiulize: ningefanya jambo hili kwa upole na kwa heshima, bado wangenikasirikia? Kama ndiyo, vumilia. Kama siyo, omba msamaha leo hii. Habari ya kuokoka kwako waambie wewe mwenyewe kabla hawajaisikia kwa majirani, na tangu siku hiyo ongeza utumishi wako pale nyumbani.

Marafiki wengine watajitenga wenyewe, usiwafukuze.

Luka 9:23 inasema msalaba unabebwa kila siku, basi weka ratiba unayoiweza. Injili ya Marko ina sura 16. Soma moja kila asubuhi na kuandika tendo moja la kulitii siku hiyo. Kisha mtafute muumini mmoja wa jinsia yako, mkutane saa moja kila wiki. Mwoneshe ile karatasi na umpe ruhusa ya kuuliza mambo mawili: ulilipa nini wiki hii, na ulikwepa wapi. Jambo likikamilika, likate kwa mstari, muombe pamoja, ndipo uandike jingine chini ya kichwa kile kile.