Maswali Yenu: Fahamu za Mtu Ndani ya Roboti

Tangu tuzungumzie wanasayansi wanaotaka kuhamishia fahamu za mtu kwenye mwili wa roboti, simu yangu haipumziki. Leo nijibu haya machache.

Shikamoo. Kuna mtu yeyote aliyekufa akarudishwa ndani ya roboti? (Mwanafunzi, Ujiji)

Marahaba. Hakuna hata mmoja. Kilichopo ni ahadi: mwaka 2011 tajiri wa Urusi, Dmitry Itskov, alianzisha mradi wenye lengo la kuhamishia fahamu za mtu kwenye mwili bandia ifikapo 2045.

Sasa wamefikia wapi? (Mwalimu, Gungu)

Kwenye mnyoo, mwalimu. Kuna kinyoo cha milimita moja chenye seli za neva 302, na ramani ya jinsi seli hizo zilivyoungana ilitolewa mwaka 1986. Mwaka 2014 ramani hiyo iliingizwa kwenye kiroboti cha kuchezea chenye magurudumu. Kikikaribia ukuta, kinasimama chenyewe. Mwaka 2024 ikakamilika ramani ya vile vijinzi vinavyozengea ndizi mbivu: seli kama 139,000. Wewe unazo kama bilioni 86. Tena ubongo unaochorwa ramani hukatwa kwanza vipande vyembamba mno, kwa hiyo mwenyewe hapati nafasi ya kulalamika.

Wakinakili ubongo wangu wote, yule wa kwenye roboti atakuwa mimi? (Fundi boti, Kibirizi)

Fundi, hili ulipaswa kunijibu wewe. Unaijua Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, injini wakazipaka grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Baadaye injini ya mvuke ikatolewa, ikafungwa ya dizeli. Bado tunasema ni meli ileile, kwa sababu bodi ni lile lililolala chini ya ziwa. Sasa mtu achukue michoro yake, aunde nyingine Kibirizi hapo, aiandike Liemba ubavuni. Utapanda, utafika Kasanga, lakini ile ya zamani itakuwa palepale ilipo. Nakala ndivyo ilivyo. Itamjua mkeo na madeni yako yote, nawe utabaki kaburini. Wapo wanafalsafa wanaobisha. Mimi nasimama hapo.

Huyo wa kwenye roboti atakula samaki mgebuka? (Mama lishe, Mwanga)

Hana tumbo, mama. Atachajiwa kama simu. Wa kwako wa mchana huu bado upo? Niwekee na ugali, nakuja.